Imani Gizani: Maisha ya Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu

Katika makanisa yetu mengi, ya mjini na ya mashambani, imo sanamu ya sista kijana aliyevaa vazi la kahawia na joho jeupe, naye amekumbatia msalaba uliofunikwa na maua ya waridi. Ni Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Waamini humpenda, mabinti wengi hubatizwa kwa jina lake, na kila tarehe 1 Oktoba Kanisa zima humkumbuka. Lakini maua yale yamewadanganya watu wengi. Wamtazamapo hudhani kwamba alikuwa mtoto wa raha, aliyepita duniani kama mtu apitaye bustanini, akaingia mbinguni bila kusumbuliwa na swali hata moja.

Leo twapenda kuyasimulia maisha yake jinsi yalivyokuwa kweli. Twafanya hivyo kwa ajili ya wale wamjiao padre wenye moyo mzito: mama aliyemzika mtoto baada ya novena nyingi, kijana ambaye ugonjwa wake haupati dawa, mzee aliyesadiki tangu utoto wake, na sasa usiku husikia sauti moyoni ikimwuliza kama kweli yuko anayezisikia sala zake. Watu hao huona haya kusema. Hudhani kwamba swali lenyewe ni dhambi, na kwamba Mungu amekwisha kuwaacha. Nao wajue kwamba sista yule wa waridi aliketi mahali pale pale walipoketi wao.

Theresia alizaliwa tarehe 2 Januari 1873 katika mji wa Alençon, nchini Ufaransa. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi wa saa, na mama yake, Zélie, alikuwa na kazi ya kutengeneza lesi. Mungu aliwajalia watoto tisa, lakini wanne kati yao walikufa wangali wadogo. Walibaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na Theresia, kitinda mimba wao. Ilikuwa nyumba ya sala, ya kazi, na ya upendo. Lakini kifo hakiulizi kama nyumba ina sala. Zélie alishikwa na saratani ya matiti. Alisali, akaenda kuhiji Lourdes akiomba kupona, akarudi hali ni ile ile. Alifariki tarehe 28 Agosti 1877. Theresia alikuwa na umri wa miaka minne na nusu.

Baada ya mazishi Louis Martin alihamia Lisieux pamoja na binti zake, ili wawe karibu na ndugu za marehemu mke wake. Theresia, aliyekuwa mtoto mchangamfu, akageuka kuwa mwoga na mwepesi wa kulia. Akamchagua Pauline, dada yake wa pili, awe mama yake. Lakini tarehe 2 Oktoba 1882 Pauline naye akaondoka, akaingia katika monasteri ya Wakarmeli iliyokuwa mjini pale. Kwa mtoto wa miaka tisa ilikuwa kama kufiwa na mama mara ya pili. Mwaka uliofuata Theresia aliugua ugonjwa ambao mganga hakuweza kuueleza: alitetemeka, aliogopa vitu visivyokuwapo, na hakuwatambua watu wa nyumbani. Siku ya Pentekoste, tarehe 13 Mei 1883, dada zake wakiwa wamepiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria kando ya kitanda chake, mtoto alimwona Mama wa Mungu akimtabasamia, akapona.

Mtu aweza kusema: huyu basi alipata ishara, na mwenye ishara hana shida ya kusadiki. La, sivyo. Watu walipoanza kumwulizauliza juu ya jambo lile, Theresia alianza kujiuliza kama hakusema uongo. Tena akafikiri kwamba labda alijifanya mgonjwa kwa makusudi. Mawazo hayo yalimtesa moyoni kwa muda wa miaka mitano. Hata neema aliyoipata ilikuja na swali lake.

Siku ya Noeli ya mwaka 1886 alipata nguvu mpya. Machozi ya kitoto yakakoma, na hamu ya kuingia Karmeli ikakua ndani yake. Kwa sababu ya umri wake mdogo mkubwa wa watawa alikataa, na askofu hakumpa jibu. Mwezi wa Novemba 1887 alisafiri pamoja na baba yake hadi Roma, na tarehe 20 alipiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo XIII, akamwomba ruhusa yeye mwenyewe. Papa alimwambia afuate maagizo ya wakubwa, na ya kwamba ataingia kama Mungu apenda. Binti akabaki pale akisihi, hata walinzi wakamwondoa huku akilia. Ruhusa ilipatikana baadaye, na tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka kumi na mitano, mlango wa monasteri ulifungwa nyuma yake.

Hapo ndipo lilipomjia teso lililomwumiza kuliko yote aliyokwisha kuyaona. Baba yake, ambaye alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, alianza kuugua ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo. Alisahau mambo, akasema maneno yasiyoeleweka, na mwezi wa Juni 1888 alitoweka nyumbani, akatafutwa siku kadhaa hata alipopatikana katika mji wa Le Havre. Tarehe 10 Januari 1889 aliweza kuwapo Theresia alipovikwa nguo ya utawa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Februari, ilibidi apelekwe Caen, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Bon Sauveur. Alikaa huko muda wa miaka mitatu.

Fikiri, ndugu msomaji, jinsi jambo hilo lilivyokuwa. Mzee yule alikuwa mtu wa Misa ya kila siku, aliyewatolea maskini bila kuhesabu, aliyemtolea Mungu binti zake bila kunung'unika. Na sasa heshima yake imevuliwa mbele ya watu. Mjini wakanong'ona kwamba mabinti ndio waliomharibu baba yao kwa kumwacha na kuingia utawani. Maneno hayo yalipenya kuta za monasteri, Theresia akayasikia. Alisali sana baba yake apone. Hakupona. Mwezi wa Mei 1892 alirudishwa Lisieux akiwa amepooza miguu, akatunzwa na Céline, na tarehe 29 Julai 1894 akafariki.

Hatusomi popote kwamba Mungu alimweleza Theresia sababu. Alilofanya yeye lilikuwa hili: alipokosa maelezo, alitafuta uso. Alisoma katika kitabu cha Nabii Isaya habari za Mtumishi wa Bwana aliyedharauliwa na kukataliwa, ambaye watu walimfichia nyuso zao, akamwona Kristo mteswa, na ndani ya Kristo akamwona baba yake. Ndiyo maana siku ile ya kuvikwa nguo ya utawa aliongeza katika jina lake maneno mengine, akaitwa Theresia wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu. Swali halikujibiwa, lakini hakubaki nalo peke yake.

Tusidhani kwamba sala ndani ya monasteri ilikuwa tamu. Kwa miaka mingi sala yake ilikuwa kavu kama ardhi ya kiangazi. Mara nyingi usingizi ulimshika wakati wa tafakuri, na baada ya mafungo ya kiroho alitoka mtupu kama alivyoingia. Hakuhangaika kujitafutia utamu kwa nguvu. Alijifunza kumpendeza Mungu kwa mambo madogo yaliyo mkononi: kumtabasamia sista aliyemchukiza kwa tabia yake, kunyamaza alipolaumiwa bila haki, kukunja majoho ambayo wenzake waliyaacha ovyo. Hiyo ndiyo iitwayo njia yake ndogo. Wengi huisifu kama njia ya watoto. Lakini ni njia ya mtu ambaye hana taa, naye huweka mguu mbele ya mguu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896, tarehe 3 Aprili, Theresia alikwenda kulala, mara akasikia kitu cha moto kikimpanda hadi mdomoni. Taa alikuwa amekwisha kuizima. Asubuhi alipotazama kitambaa chake aliona damu. Ilikuwa kifua kikuu, ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa. Moyo wake ulifurahi, maana alidhani Bwana amekaribia kumwita. Wakati ule imani yake ilikuwa nyangavu kiasi kwamba hakuweza kufikiri kwamba kweli wako watu wasiosadiki. Alidhani wasema tu kinyume cha mioyo yao.

Siku chache tu baadaye, katika majira yale yale ya Pasaka, nuru ile ikazimika. Wazo la mbinguni, lililomfariji tangu utoto wake, likageuka kuwa vita na maumivu. Giza lilimjia likimdhihaki kwamba nchi ile anayoingoja haipo, na kwamba kifo hakitampa anachokitumaini, bali usiku mweusi zaidi, usiku wa kutokuwapo kabisa. Hili halikuwa jaribu la siku moja wala la mwezi mmoja. Lilidumu mwaka mmoja na nusu, hata saa ya kufa kwake.

Masista wenzake karibu wote hawakujua. Waliendelea kumwomba awatungie mashairi ya dini, naye akayatunga, yakiimba furaha ya mbinguni. Mwezi wa Juni 1897, kwa amri ya Mama Mkuu Marie de Gonzague, aliandika habari za moyo wake, akaeleza kwamba katika mashairi hayo aliimba tu yale aliyotaka kuyasadiki. Alieleza pia kwamba katika mwaka mmoja ule alifanya matendo ya imani mengi kuliko katika maisha yake yote yaliyotangulia. Aliandika Nasadiki, Kanuni yetu ya Imani, kwa damu yake mwenyewe, akaichukua juu ya kifua chake pamoja na Injili. Na kila giza lilipomshambulia, hakubishana nalo, bali aligeuka akamkimbilia Yesu akimwambia kwamba yu tayari kumwaga damu yake hata tone la mwisho kwa kuungama kwamba mbingu ipo.

Katikati ya giza hilo aliongezewa fedheha. Mtu mmoja wa Ufaransa aliyejiita Léo Taxil alikuwa amewadanganya Wakatoliki wengi kwa kuwaandikia habari za mwanamke aitwaye Diana Vaughan, ambaye eti alikuwa mfuasi wa Shetani, kisha akaongoka. Hata maaskofu walisadiki. Katika monasteri ya Lisieux nao walisadiki. Theresia alimwandikia mwanamke huyo, akampelekea picha yake na ya Céline waliyopigwa wakiigiza maisha ya Joan wa Arc. Tarehe 19 Aprili 1897, Jumatatu ya Pasaka, Taxil alisimama mjini Paris mbele ya mkutano akafichua kwamba Diana hakuwapo kamwe, na ya kwamba alikuwa akiwachezea Wakatoliki miaka yote ile. Na picha iliyoonyeshwa ukutani mbele ya watu ilikuwa picha ile ya Theresia. Habari zilipofika monasterini, Theresia aliichana barua aliyoipata kutoka kwa Diana wa uongo, akaitupa katika lundo la samadi bustanini. Adui alipata sasa hoja mpya: kama hili ulilolisadiki lilikuwa uongo, mengine je? Hata hivyo hakuiacha Nasadiki yake.

Tena hakukaa akijihurumia. Tangu mwaka 1895 alikuwa amekabidhiwa kumwombea mseminari mmoja, Maurice Bellière, ambaye alitaka kuwa mmisionari wa Afrika katika shirika la Mapadri Weupe. Kijana huyo alikuwa na moyo dhaifu na mwingi wa hofu. Theresia, ambaye mwenyewe hakuona kitu mbele yake, alimwandikia barua za kumtia moyo, akimfundisha kutoogopa huruma ya Mungu. Mgonjwa huyo alipoagizwa kutembea kidogo bustanini kila siku, naye alikuwa amechoka hata kusimama, alizitoa hatua zake kwa ajili ya mmisionari fulani aliyechoka mbali huko. Bellière alipanda meli kuelekea Algeria tarehe 29 Septemba 1897, siku moja kabla Theresia hajafa. Alipata upadre mwaka 1901, akatumwa Nyasaland, nchi iitwayo leo Malawi. Baadaye alirudi Ufaransa mgonjwa, akili zake zimeharibika, akapelekwa Bon Sauveur katika mji wa Caen, hospitali ile ile alimokaa baba wa Theresia. Huko alifariki mwezi wa Julai 1907, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Ajuaye maana ya jambo hilo ni Mungu peke yake.

Tarehe 8 Julai 1897 Theresia alihamishiwa chumba cha wagonjwa. Mapafu yaliliwa na ugonjwa, kisha matumbo nayo yakaharibika. Kila pumzi ilikuwa kazi. Tarehe 19 Agosti alipokea Komunyo Takatifu kwa mara ya mwisho. Tangu hapo hakuweza tena, hivyo hata faraja hiyo aliikosa. Maumivu yalikuwa makali hata akawaonya waliomwuguza wasiache dawa zenye sumu karibu na wagonjwa wa namna yake, maana mtu akiteswa hivyo aweza kupotewa na akili kwa dakika moja. Watakatifu hawana mwili wa chuma. Aliyejua jaribu hilo ni yule yule tuliyemvika maua.

Jioni ya tarehe 30 Septemba 1897, mnamo saa moja na dakika ishirini, alikata roho, akiutazama msalaba aliokuwa ameushika mikononi, na neno lake la mwisho lilikuwa la kumwambia Mungu kwamba anampenda. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Mwaka mmoja baadaye maandiko yake yalichapwa kitabu, nakala 2,000 tu, baada ya dada yake Pauline kuyasahihisha sana. Kitabu hicho kikaenea ulimwenguni. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu tarehe 17 Mei 1925, na mwaka 1927 akamweka awe msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Saveri, ingawa hakuwahi kukanyaga nchi ya misioni. Mwaka 1956 maandiko yake yalichapwa jinsi alivyoyaandika kwa mkono wake, na wasomaji wakalisoma giza lake katika maneno yake mwenyewe. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Na tarehe 18 Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu baba na mama yake: mama ambaye Lourdes hakupona, na mzee yule aliyenong'onwa mjini.

Tujifunze nini basi? Kwanza, kusadiki si sawa na kuona utamu wa kusadiki. Utamu ni zawadi. Mungu huutoa na huuondoa apendavyo. Imani ni kushika mkono ambao huuoni. Mtu asaliye akiwa mkavu, wala hasikii jibu, asijiite mnafiki. Mnafiki husali ili watu wamwone. Huyu husali ingawa yeye mwenyewe haoni kitu.

Pili, swali linalomjia mtu bila kuitwa si dhambi. Theresia alisema kwamba ameketi meza moja na wasiosadiki, akila mkate wao mchungu, na hakutaka kuondoka pale kabla Mungu hajamwinua, akiwaombea wale waliokaa naye. Giza lake lilimfanya kuwa ndugu wa waliopotea, wala si hakimu wao. Basi sisi tulio na nuru leo tusiwe wepesi kumkemea mwenzetu aliye gizani, au kumrundikia majibu ya haraka kando ya kaburi la mtoto wake. Tukae naye.

Tatu, palipo na giza lipo daima tendo dogo liwezekanalo. Huwezi kujua kwa nini mtoto amekufa; waweza kumpikia uji mgonjwa wa jirani. Huwezi kuiona mbingu. Waweza kusema Nasadiki usiku huu, hata ulimi ukiwa mzito kama mti.

Utakapoingia tena kanisani na kuiona sanamu yake, usitazame maua tu. Tazama vizuri chini ya waridi. Upo msalaba, na mikono yake imeukumbatia.